Merikebu ya kale: itoke baharini au ibaki gatini?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Najitolea katika makumbusho ya bahari yenye merikebu ya chuma, ya milingoti mitatu, iliyoundwa karne ya 19. Ukarabati uliochukua miaka mingi unakaribia kwisha, na kamati yetu imegawanyika. Wapo wanaosema kazi yote hii itakuwa bure kama haitatweka tanga. Wapo wanaosema chombo cha umri ule kukitoa nje ya bandari ni kukihatarisha kwa starehe ya siku moja, tena kimeshabadilishwa vitu vingi kiasi kwamba hata hicho kinachosafiri si kile cha zamani. Moyo wangu uko kwa hao wa kwanza, lakini hoja za wa pili zinaninyima usingizi. Wewe unasemaje?"

Ndugu yangu, nikupe jibu kwanza, sababu zifuate. Kama mwili wa merikebu yenu umepimwa ukakutwa mzima, na kama mnao watu wa kuihudumia mwaka mzima, itoeni. Merikebu ya matanga iliundwa ifanye kazi, na sehemu kubwa ya elimu iliyomo ndani yake haionekani mpaka ifanye kazi. Lakini hao wenzako wa upande wa pili wana haki ya kusikilizwa mpaka mwisho. Zipo merikebu ambazo kuzirudisha majini ni kuziangamiza, na kamati isiyojua kuzipambanua hizi na zile itakuja kulia.

Mimi huanza na swali moja: katika chombo hiki, ni kitu gani kikipotea hakipatikani tena?

Itazame Vasa ya Uswidi. Ilizama tarehe 10 Agosti 1628 karibu na gati la Stockholm, katika safari yake ya kwanza kabisa, ikalala matopeni hadi ilipoinuliwa mwaka 1961. Maji ya Baltiki yana chumvi kidogo, na wale funza wa baharini wanaotoboa mbao hawakuweza kuishi humo, ndiyo maana mti wake umesalia karibu wote. Ili mbao zisinywee na kupasuka zinapokauka, zilinyunyiziwa kemikali iitwayo polietileni glaikoli kwa miaka 17. Hata sasa, ndani ya jumba ambalo hewa yake hupimwa na kudhibitiwa, asidi hujitengeneza ndani ya mti, na boliti za chuma zaidi ya 5,000 zimelazimika kung'olewa na kuwekwa za feleji (chuma cha pua) isiyoshika kutu. Thamani ya Vasa iko katika ubao wenyewe, pamoja na alama za shoka la seremala wa karne ya 17. Ukiubadilisha ubao ule hubaki na kitu. Chombo cha namna hiyo mahali pake ni nchi kavu, na hakuna anayebishana juu ya hilo.

Sasa iangalie Star of India, iliyoko katika makumbusho ya bahari ya San Diego. Ilishushwa majini mwaka 1863 huko Ramsey, Kisiwa cha Man, kwa jina la Euterpe. Ilizunguka dunia mara 21, hasa ikiwapeleka wahamiaji New Zealand, kisha ikauzwa Marekani ikatumika katika kazi ya samaki aina ya samoni huko Alaska mpaka mwaka 1923. Ilipofika San Diego ili iwe ya maonyesho, dunia iliingia katika mdororo wa uchumi na baadaye vita, na fedha za kuitunza hazikupatikana. Mwaka 1957 nahodha Alan Villiers alipita mjini humo kutoa mihadhara, akaiona ilivyochakaa, akasema wazi kwamba ni aibu. Watu wakaamka. Tarehe 4 Julai 1976 ikatweka tanga tena. Haina injini mpaka leo: tagi, chombo kidogo cha kuvuta meli, huivuta hadi nje, watu wa kujitolea wakafungua matanga, na upepo ukaichukua.

Mwili wa chuma wa Star of India kwa sehemu kubwa ni ule ule wa mwaka 1863. Kamba, matanga na mbao za sitaha zimebadilishwa mara nyingi, lakini zilikuwa zikibadilishwa tangu enzi za wahamiaji. Tanga la merikebu ya kazi halikukusudiwa kuishi muda mrefu. Kamba inayosuguana na kapi kutwa kucha huliwa, na kila nahodha alibeba akiba ya kamba, turubai na hata miti ya kutengenezea foromali, yaani boriti zinazokingama mlingotini kubeba matanga, akijua ataitumia kabla ya kurudi. Kwa hiyo mwenzako anaposema "vitu vingi vimebadilishwa", mjibu kwa heshima kwamba merikebu ambayo haijabadilishwa kitu ni ile iliyozama mapema. La kupima ni kama kilichobadilishwa kimetengenezwa kwa umbo lile lile, kwa njia ile ile kadiri inavyowezekana, na kama kumbukumbu imeandikwa ya kile kilichotolewa.

Niende sasa kwenye imani ambayo naona ndiyo mzizi wa ugomvi wenu, yaani kwamba gatini ni salama. Naipinga kwa nguvu zote. Merikebu iliyofungwa gatini huendelea kuliwa kimyakimya. Upande wa mbao, adui mkubwa ni maji ya mvua kuliko ya bahari. Chumvi huwazuia kuvu, na waunda meli wa zamani walikuwa wakijaza chumvi makusudi kati ya mbavu za chombo ili mti usioze. Maji ya mvua yakipenya kwenye mshono wa sitaha uliolegea, yakatuama kwenye kichwa cha boriti mahali pasipopita hewa, kuvu huanza kazi yake, na rangi ya nje itaendelea kung'aa mpaka siku ncha ya kisu itakapozama hadi mpini. Chombo kinachotoka baharini hukaguliwa kwa sababu roho za watu zinakitegemea. Serahangi, mkuu wa mabaharia wa sitaha, hupanda mlingotini, hugonga, husikiliza, hugusa kila fundo. Chombo kisichotoka hukaguliwa siku fedha zikipatikana, na sote tunajua siku hizo huja mara ngapi.

Upande wa chuma, ambao ndio wenu, mambo ni magumu zaidi na yanastahili nikae hapo kidogo. Merikebu nyingi za karne ya 19 ziliundwa kwa chuma cha kufuliwa, ambacho ndani yake mna nyuzi za takataka za tanuri zilizonyooshwa pamoja na chuma. Nyuzi hizo hupunguza mwendo wa kutu, na ndiyo sababu mojawapo ya mabamba yale kudumu kuliko feleji nyembamba iliyokuja baadaye. Chuma hicho hakitengenezwi tena kwa wingi viwandani, kwa hiyo mtakapobadilisha bamba mtatumia feleji. Hapo kuna mtego: feleji mpya iliyokutanishwa na chuma cha kale ndani ya maji ya chumvi hufanya kama betri, na upande mmoja huliwa ili mwingine upone. Ongeza umeme unaovuja kutoka kwenye nyaya za gatini na vyombo jirani, mambo huharibika haraka kuliko mtu anavyodhani. Kwa hiyo vipande vya zinki hufungwa mwilini mwa chombo ili viliwe badala yake, na lazima vipimwe na kubadilishwa kabla havijaisha.

Kisa cha Elissa kinafundisha mengi. Iliundwa Aberdeen mwaka 1877, nayo ni ya chuma. Ilikutwa Piraeus, Ugiriki, ikisubiri kukatwa vipande, na mwaka 1975 ikanunuliwa na taasisi ya urithi ya Galveston, Texas. Ikavutwa kuvuka bahari, ikakarabatiwa, na mwaka 1982 ikasafiri kwa matanga. Karibu miaka 30 baadaye, mwaka 2011, wakaguzi walikuta mwili wake umeliwa vibaya na kutu chini ya mstari wa maji, na ikatangazwa kuwa haifai kwenda baharini. Mabamba mapya yakawekwa kwa gharama ya mamilioni ya dola, na baada ya hapo ikasafiri tena. Wako watakaosoma kisa hiki wakasema: mnaona, kusafiri kumeiharibu. Mimi nasoma kinyume. Ni ukaguzi wa kuiruhusu kusafiri uliougundua ugonjwa ule. Ingekuwa jumba la maonyesho tu lililofungwa gatini, ingeingia gudini, mahali pakavu pa kutengenezea meli, kwa nadra, na kutu ingeendelea mpaka maji yajitokeze ndani ya ngama, kule chini kabisa tumboni mwa chombo.

Basi hatua ya kwanza kwenu ni kupima unene wa mabamba kwa mawimbi ya sauti, na msikubali vipimo vichache vya pale panapofikika kwa urahisi. Choreni miraba juu ya mwili mzima na kila mraba upimwe. Mkazo zaidi uwe kwenye mkanda ule ambao maji na hewa hupokezana, maana huko oksijeni ni nyingi na kutu hula zaidi. Kisha ingieni ndani. Merikebu nyingi za chuma zilimwagiwa saruji ndani ya ngama ili kuhifadhi mabamba ya chini, na saruji ikishabanduka kidogo tu, maji hujificha kati yake na chuma kwa miaka bila mtu kuyaona. Chumba cha minyororo ya nanga, kitako cha mlingoti, nyuma ya matangi, pote humo kutu hustawi. Na kama milingoti yenu ni ya chuma, kumbukeni kwamba ni mabomba matupu ndani: nje utaona rangi nzuri, ndani pameshakuwa wembamba wa karatasi. Pimeni milingoti kabla hamjampandisha mtu yeyote.

Ukarabati una faida nyingine isiyotajwa sana: humlazimisha fundi amwelewe muundaji wa kwanza. USS Constitution ilishushwa majini Boston mwaka 1797. Kwa kuwa omo (ncha ya mbele) na tezi (ncha ya nyuma) za chombo hushikiliwa na maji kidogo kuliko tumbo lake, chombo kirefu cha mbao huelekea kuinama ncha zote mbili na kutuna katikati, na mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, hupinda. Ilipoingia gudini miaka ya 1990, mkuku wake ulikuwa umepinda kwa zaidi ya sentimita 30. Mafundi walirudi kwenye michoro na maandishi ya mbunifu wake, Joshua Humphreys, wakaona kwamba aliweka maboriti ya kukingama kwa mshazari ndani ya chombo ili kuzuia jambo hilo hilo, na kwamba katika matengenezo ya vizazi vilivyopita maboriti hayo yalikuwa yameondolewa. Wakayarudisha. Mwaka 1997 ikatweka tanga na kwenda kwa upepo wake, jambo ambalo haikulifanya kwa miaka 116. Sidhani uchunguzi wa namna hiyo ungefanyika kwa bidii ile kama hakuna aliyekuwa anafikiria kuitoa baharini.

Mbao nazo zina habari zake. Charles W. Morgan, merikebu ya kuwinda nyangumi iliyoundwa New Bedford mwaka 1841, ilikarabatiwa Mystic, Connecticut, kuanzia mwaka 2008. Mbavu zake zilihitaji mwaloni ule mgumu unaobaki na majani mwaka mzima, tena vipande vilivyojipinda vyenyewe kimaumbile, kwa sababu ubao uliopinda kwa kukua una nguvu kuliko uliopindwa kwa msumeno. Mti wa namna hiyo hauuzwi kwa oda. Mingine ilitoka kwenye mialoni iliyoangushwa na kimbunga Katrina, mingine kwenye ile iliyokufa Galveston baada ya kimbunga Ike, na magogo mengine yalichimbuliwa kwenye ardhi ya bandari ya zamani ya jeshi la majini huko Charlestown, ambako yalikuwa yamezikwa tangu zama za merikebu za mbao. Kila mkarabati ninayemheshimu hufikiria mbao miaka mingi kabla ya kuzihitaji. Jeshi la Majini la Marekani lina msitu wa mialoni huko Crane, Indiana, uliotengwa kwa ajili ya Constitution.

Morgan ilikuwa imefanya safari 37 za uwindaji katika miaka 80 ya kazi. Majira ya kiangazi ya mwaka 2014 ilifanya safari ya 38, ikitembelea bandari za New England na kwenda mpaka kwenye maji wanakokula nyangumi, safari hii bila chusa. Kisha ikarudi gatini kwake Mystic na kuendelea kuwa ya maonyesho. Nawaomba muitazame njia hiyo kwa makini, maana kamati zenye ugomvi kama wenu husahau kwamba kati ya "kila mwezi" na "kamwe" kuna nafasi kubwa. Msimu mmoja uliopangwa vizuri unaweza kutosha kwa kizazi kizima cha mabaharia kujifunza na kuandika walichojifunza.

Na hapo ndipo nafika kwenye kile ninachokipenda zaidi ya yote katika kazi hii. Merikebu yenye matanga ya mraba ina kamba za kazi zaidi ya mia moja, na kila moja imefungwa kwenye kigingi chake pembeni mwa sitaha. Mpangilio wake haukuachiwa nahodha aamue apendavyo. Kwa kiasi kikubwa ulikuwa mmoja kutoka merikebu hadi merikebu, ili baharia aliyeajiriwa jana aweze kuushika mkononi ule ule uzi wakati wa usiku wa giza na mvua, bila taa. Mchoro wa mpangilio huo unaweza kuuweka ukutani. Lakini mkono unaojua kwamba kigingi cha nne kutoka kwenye mlingoti ndicho cha kushushia tanga la juu, na unaojua kwa uzito wa kamba kwamba hapo juu kuna kitu kimekwama, mkono huo hupatikana kwa kazi tu.

Chukua mfano wa kubisha, yaani kwenda kule upepo unakotoka. Merikebu ya matanga ya mraba haiwezi kuukaribia upepo sana. Ikitaka kwenda unakotoka upepo, hupita kwa pembe pana, huku na huku, na kila inapogeuka watu wote hufanya kazi kwa pamoja. Usukani unageuzwa, matanga madogo ya omo yanalegezwa, lile la tezi linavutwa katikati ili kuisukuma tezi. Omo inapouingia upepo, matanga ya mlingoti wa mbele hupigwa na upepo kwa mbele na kuanza kuisukuma omo upande wa pili. Wakati huo huo matanga ya mlingoti mkuu yamekingwa na yale ya mbele, hayana uzito, na hapo ndipo nahodha hutoa amri foromali zake zizungushwe kwa nguvu zote. Amri ikitoka mapema, merikebu hupoteza mwendo. Ikichelewa, watu hushindana na upepo uliokwishajaa. Na kama imesimama katikati, huanza kurudi nyuma, na usukani sasa hufanya kazi kinyume. Unaweza kusoma maelezo haya mara kumi, lakini hutajua sekunde ya kutoa ile amri. Inajulikana kwa kuangalia ukingo wa tanga unavyotikisika, kwa kusikia maji yanavyonyamaza ubavuni, na merikebu mbili za muundo mmoja hutofautiana.

Ufundi wa kamba na waya nao ni hivyo. Waya zinazoshikilia mlingoti hudumu miongo mingi zikifungwa sawasawa: mifereji ya waya hujazwa uzi, kisha huviringishwa kitambaa kilicholowa lami ya msonobari, kisha juu yake hukazwa uzi wa katani kwa nyundo maalumu ya mbao, ukizungushwa kinyume na mwelekeo wa kwanza. Fundi anayefanya hivyo kwa ajili ya maonyesho anaweza kuharakisha mahali pasipoonekana. Anayejua kwamba mwezi ujao mtoto wa jirani yake atasimama mita 30 juu ya sitaha akitegemea waya ule, haharakishi.

Lipo swali jingine ambalo hukuniuliza ila litawafikia: mnairudisha merikebu yenu kwenye umri upi? Euterpe ilikuwa na matanga ya mraba kwenye milingoti yote mitatu. Mwaka 1901 kampuni ya samaki iliyoinunua iliubadilisha mlingoti wa nyuma ili ihitaji watu wachache, na mwaka 1906 ikaipa jina la Star of India. San Diego waliiacha na jina hilo na umbo hilo. Wavertree ya New York, iliyoundwa mwaka 1885, ilivunjikiwa milingoti karibu na Cape Horn mwaka 1910, ikawa ghala Punta Arenas, kisha tishali la mchanga Buenos Aires. Hiyo ilirudishiwa milingoti na foromali zake za enzi ya safari. Uamuzi wote wawili ni halali. Usio halali ni kuchanganya: sitaha ya mwaka huu, vyumba vya mwaka ule, na tanga la kupendezesha picha. Mkataba wa Barcelona, unaohusu vyombo vya jadi vinavyosafiri, unatia mkazo kwamba kila zama zilizoacha alama halali kwenye chombo zinastahili kuheshimiwa. Chagueni, andikeni sababu, na kila mtakachokiondoa kipigwe picha, kipimwe na kihifadhiwe kipande chake.

Na kwa kuwa nimeitaja Wavertree: kati ya mwaka 2015 na 2016 ilitengenezwa kwa dola milioni 13, na kazi yake ni kukaa gatini kwenye maonyesho. Mjumbe anayesema kubaki gatini ni kubana matumizi aelezwe hilo.

Sasa hofu. Wenzako wanayo sababu ya kuogopa, na nisingependa uende kikaoni ukiwabeza. Mwaka 1984 merikebu ya Marques, iliyokuwa katika mashindano, ilipigwa na dhoruba ya ghafla kaskazini ya Bermuda ikazama kwa muda mfupi sana, na kati ya watu 28 waliokuwamo, 19 walikufa. Mwaka 2012 Bounty, iliyoundwa mwaka 1960 kwa kufuata umbo la merikebu ya karne ya 18, iliondoka bandarini wakati kimbunga Sandy kinakuja. Ilizama nje ya North Carolina na watu wawili wakapoteza maisha, nahodha akiwa mmojawapo. Juni 2019 No. 5 Elbe, chombo cha mbao cha mwaka 1883, kiligongana na meli ya mizigo kwenye mto Elbe, muda mfupi tu baada ya kutoka kwenye ukarabati wa euro milioni 1.5. Watu waliokolewa, chombo kikazama karibu na ukingo.

Ukizitazama ajali hizi, uzee wa chombo si jambo la kwanza kuonekana. Unaona milango na matundu yaliyokuwa wazi, unaona uamuzi wa kuondoka siku isiyofaa, unaona njia yenye msongamano wa meli. Hayo yote yako mikononi mwa watu, na yanaweza kuandikiwa masharti kabla. Ndiyo maana kwenye kamati ningeiacha hoja ya "tutoke au tusitoke" na kuleta rasimu ya masharti, kisha niwaombe wale wenye hofu ndio wayakaze. Watu wenye hofu huandika masharti mazuri kuliko wenye shauku.

Katika masharti hayo, mimi nisingekubali kukosa haya. Nahodha awe na neno la mwisho la kutotoka, na uamuzi wake usihojiwe na mfadhili, mgeni rasmi wala mwandishi wa habari aliyekwishaalikwa. Tarehe isitangazwe kwa namna inayomfunga mikono. Mwanzoni mtoke mchana, upepo ukiwa wa wastani, tagi ikiwa karibu na si gatini, na bandari isipotee machoni. Msichukue abiria katika safari za kwanza. Kila tundu la sitaha liwe na kifuniko na mtu aliyepewa jina lake. Pampu za kisasa, redio, majaketi ya kuokolea na mikanda ya usalama ya wapanda milingoti viwemo, na asiwepo wa kulalamika kwamba vinaharibu sura ya zamani. Injini ni jambo la kujadiliana: James Craig ya Sydney imewekewa injini, Star of India haina, na zote mbili zinasafiri. Kama njia yenu ya kutokea ni nyembamba au ina meli nyingi, ningeelekea kwa Sydney.

Msisahau farumi, ule uzito unaowekwa tumboni ili chombo kisipinduke. Merikebu yenu iliundwa ibebe mamia ya tani za shehena tumboni, na milingoti yake ilipimwa kwa hesabu hiyo. Tupu, ni chombo kingine kabisa: kirefu juu, chepesi chini. Kabla ya kufungua tanga lolote, mhandisi wa meli afanye jaribio la mlalo. Uzito unaojulikana huhamishwa kutoka upande mmoja wa sitaha hadi mwingine kwa maji yaliyotulia, na timazi lililoning'inizwa ndani hupima chombo kimelala kwa nyuzi ngapi. Kutokana na hapo hujulikana kitovu cha uzito kiko wapi na farumi kiasi gani inahitajika. Matokeo yake ndiyo yatakayosema ni matanga mangapi mnaweza kubeba kwa upepo upi. Msikisie.

Wafanyakazi waanze mapema, miezi kadhaa kabla, merikebu ikiwa bado imefungwa. Siku za upepo mwanana, fungueni matanga hapo hapo gatini, myakunje, mrudie. Kila mtu ajifunze kamba zake akiwa amefumba macho. Fanyeni zoezi la mtu kuanguka majini, la moto, la kamba kukatika. Baadhi ya wanaojitolea watachoka, wengine watagundua hawawezi kupanda, na hao wasiopanda ni wa thamani kubwa kwenye sitaha, kwa kuwa nguvu nyingi za merikebu hutoka kwa watu walioshika kamba chini. Wale wanaoanza bila kujua chochote wapewe kukwangua kutu na kupaka rangi kwanza. Ndivyo watakavyokijua chombo kila kona, na wengi wao ndio watakaokuwa wa kwanza kuona bamba limebadilika rangi au ribiti, ule msumari unaounganisha mabamba, imelegea.

Baada ya kila safari, hata fupi, kuwe na siku ya kazi isiyoahirishwa. Chumvi ioshwe kwenye vyuma vya juu, matanga yakaushwe kabla ya kukunjwa, ngama ipimwe na kiasi cha maji kiandikwe. Kitabu hicho cha ngama muwe nacho tangu sasa, hata kabla ya kamati kuamua. Kikionyesha maji yaleyale wiki baada ya wiki, utakuwa na jambo la kuwaonyesha wenzako. Kikionyesha yanaongezeka, basi simamisheni mjadala wote, mtafuteni mpasuko.